Kontroboksi mpya au ile ya kiwandani? Gharama halisi kwa mwenye gari Mbeya, Iringa na Njombe

Gereji za Mwanjelwa (Mbeya) na Ipogolo (Iringa) zinalijua vizuri swali hili. Gari linapanda kwa shida, mwenye gari ameona video ya Mark II ya turbo inayokimbia, amepata mtandaoni bei ya boksi la Haltech au Link, yaani kontroboksi mpya, kompyuta ya kuendesha injini, na sasa anauliza kama dola 1,100 zinatosha.

Hazitoshi. Kwa hesabu iliyo hapa chini, bei ya boksi ni chini ya theluthi ya fedha zitakazotoka mfukoni hadi gari liwake vizuri asubuhi ya baridi ya Juni na lishuke mpaka Kyela bila matatizo. Zinazobaki zinakwenda kwenye nyaya, sensa, forodha na safari, na kwa mtu atakayepanga ramani ya mafuta na taimingi, yaani kiasi cha petroli na wakati wa plagi kuwasha moto. Huyo wa mwisho ndiye anayeamua kama fedha yako imekwenda mahali pazuri. Ndiyo maana nashauri utafute mtu kwanza, halafu ununue boksi analolijua yeye.

Nalinganisha njia nne: kutengeneza kilichopo, kuflashi kontroboksi ya kiwandani, yaani kubadilisha programu yake, kufunga pigibaki, yaani kiboksi kinachoidanganya kontroboksi, na kufunga standaloni, yaani kompyuta mpya inayochukua kazi yote ya kuendesha injini.

Kwanza mwinuko

Usawa wa bahari presha ya hewa ni kilopaskali 101. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, inabaki 82 au 83. Iringa mjini inazidi kidogo, Njombe inapungua zaidi. Injini isiyo na turbo haina hewa nyingine ya kuvuta ila hiyo. IST iliyotoka Dar es Salaam ikifika Uyole imeshapoteza kati ya moja ya sita na moja ya tano ya nguvu zake, hata kama kila kitu chake ni kizima.

Kontroboksi ya kiwandani inalijua hilo. Sensa ya MAP (ya presha ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda) au eaflo (ya hewa inayopita) inapima hewa iliyoingia, mafuta yanapunguzwa yalingane nayo, na kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni inasahihisha kuelekea uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Boksi jipya litafanya hesabu ile ile juu ya hewa ile ile. Kama sababu yako ya kununua ni kwamba gari limelegea tangu uhamie nyanda za juu, hifadhi fedha yako. Litakaporudi Chalinze litapata nguvu zake lenyewe.

Turbo inaweza kurudisha hewa iliyokosekana, lakini nayo ina bei yake. Ili kupata kilopaskali 200 ndani ya manifoldi, turbo ya Dar es Salaam inakandamiza hewa mara mbili tu. Ya Mbeya inaanza na 82, kwa hiyo lazima ikandamize karibu mara mbili na nusu. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na turbo kuukuu iliyokuwa imeshalegea bearing itaonyesha moshi mapema. Mtu anayekopi busti, yaani presha ya turbo, ya rafiki yake wa pwani anaikopi namba bila mazingira yake.

Njia ya kwanza: kutengeneza kilichopo

Hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kwa haraka kuliko zote. Kabla ya kuzungumzia kompyuta mpya, pima mgandamizo wa silinda, angalia plagi na koili, safisha eaflo na throto, tafuta mpira wa vakuum uliopasuka, safisha nozeli, na kaza waya za athi zinazokwenda kwenye bodi na injini. Mashine ya kusoma hitilafu isiishie kwenye namba za makosa. Mwambie fundi afungue takwimu za moja kwa moja akuonyeshe joto la maji, presha ya manifoldi na usahihishaji wa mafuta.

Joto la maji nalitaja makusudi, kwa sababu hapa kwetu thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, huondolewa sana. Gari lilichemka siku moja kwenye mlima Kitonga, fundi akatoa thamostati, gari likaacha kuchemka, mambo yakaishia hapo. Lakini sasa Mafinga au Njombe injini hiyo haifiki joto lake la kazi. Sensa inaiambia kontroboksi kwamba injini bado ni baridi, nayo inaendelea kuongeza mafuta kama gari limewashwa sasa hivi. Mwenye gari analalamika kuwa linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na mtu anamshauri anunue kompyuta. Thamostati mpya na kazi ya kurekebisha feni au rejeta ni sehemu ndogo sana ya bei ya boksi.

Kama kontroboksi yenyewe imekufa kweli, ya mtumba yenye namba ile ile huwa inatosha. Kwa Toyota nyingi ni ile namba inayoanza na 89661. Usikubali inayofanana tu. Otomatiki na manyuo (gia za mkono) hutofautiana, na magari yenye ufunguo wa imobilaiza (kizuia wizi) yanahitaji kontroboksi iliyooanishwa na funguo zako, la sivyo injini haitawaka.

Njia ya pili: kuflashi

Hapa kompyuta inabaki ile ile na programu yake ndiyo inayobadilishwa. Nyaya haziguswi, gia otomatiki inaendelea kuelewana na injini, AC na dashibodi vinafanya kazi kama zamani, na uwashaji wa baridi unabaki ule ambao kiwanda kilitumia muda mwingi kuupanga. Faida hii ya mwisho haionekani kwenye matangazo, lakini kwa mtu anayelaza gari nje Makete ina thamani kubwa.

Subaru nyingi za turbo za miaka ya 2000, zikiwemo Forester zilizojaa barabara zetu, zina njia hii, na Mitsubishi Evo pia. Programu kama RomRaider ni ya bure, na kebo ya Openport 2.0 ya Tactrix ni chini kidogo ya dola 200. Jiepushe na kebo za kuigiza. Uandishi ukikatika katikati unaweza kubaki na kontroboksi isiyowasha gari. Na kabla hujalipia chochote, hakikisha namba ya programu iliyo ndani ya kontroboksi yako inaungwa mkono, kwa kuwa magari ya soko la Japani yana matoleo mengi.

Toyota za miaka ya 1990 hazina mlango huo. Kontroboksi ya 1JZ-GTE ya zamani haiandikwi upya kwa kebo. Kwa mwenye Chaser au Mark II ya namna hiyo chaguo linabaki kuwa kuiacha ilivyo au kuingia standaloni.

Njia ya tatu: pigibaki

Ni kiboksi kinachokaa kati ya sensa na kontroboksi, kinaidanganya. Ukitaka mafuta yapungue kinaiambia kuwa hewa iliyoingia ni kidogo. Kontroboksi ikiamini hewa ni kidogo, inawahisha pia taimingi, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyopangwa kwa mzigo mwepesi. Unapata mafuta machache na moto uliowahi kwa wakati mmoja, injini ikiwa chini ya mzigo mzito, na hapo noki, yaani injini kugonga, inaanza kula pistoni. Bei yake ndogo haijawahi kunishawishi. Simshauri mtu.

Njia ya nne: standaloni

Haltech na MoTeC wanatoka Australia, Link anatoka New Zealand, ECUMaster anatoka Poland. Wote wanatengeneza maboksi mazuri, na gari la kawaida la mtaani halitaona tofauti kati yao. Tofauti utakayoiona ni aina ya ufungaji.

Kuna yanayochomekwa kwenye soketi ile ile ya kiwandani. Link anayo kwa Subaru na Evo, kwa mfano. Bei huwa juu kuliko la nyaya lenye uwezo ule ule, lakini linaokoa kazi ya siku kadhaa na linakuachia njia ya kurudi nyuma. Likikuharibikia Igawa usiku, unachomeka kontroboksi ya zamani unaondoka, mradi hujabadilisha nozeli wala kutoa eaflo.

Halafu kuna la nyaya. Hapa ndipo fedha inapopotea bila mtu kuiona. Chukua waya mmoja tu, ule wa sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini. Ishara yake ni dhaifu na inapita karibu na koili. Unatakiwa uwe waya wenye ngao, na ngao hiyo ifungwe athi upande mmoja tu, upande wa boksi. Fundi akitumia waya wa kawaida wa redio, gari litawaka, injini itatulia gari likiwa limesimama, mtashangilia. Likifika mizunguko 4,000 linakata ghafla, kwa sababu boksi limesoma kelele za koili kama meno ya krenki na limepoteza hesabu. Mtabadilisha plagi, pampu, koili. Tatizo ni waya wa mita moja na nusu.

Viungo navyo vina habari yake. Kupinda nyaya mbili na kuzungushia tepu kunafaa kwa taa ya ndani. Kwenye injini, baada ya miezi michache ya vumbi na mitikisiko ya barabara za Ludewa, kiungo hicho kinaanza kuachia kikipata joto na kushika kikipoa, hitilafu ngumu kuliko zote kuitafuta. Nunua soketi mpya na koleo halisi la kubana tamino (vichwa vya nyaya), au mlipe fundi aliye navyo. Mwangalie anavyobana tamino moja kisha uivute kwa mkono. Ikichomoka, tafuta mwingine.

Kwa Toyota nyingi za otomatiki kuna gharama nyingine ya kushtukiza: kontroboksi ya kiwandani ndiyo inayobadilisha gia. Ukiiondoa, gia inabaki bila bosi, na inabidi ununue kompyuta ya pili ya gia au uhamie manyuo.

Upande wa bei ndogo kuna MegaSquirt, iliyoanzishwa Marekani na Bowling na Grippo mwaka 2001, na Speeduino, inayojengwa juu ya bodi ya Arduino Mega 2560. Ubao wa Speeduino unaweza kukugharimu dola 100 hadi 250. Ni vifaa halali na vinafundisha sana, ila vinadhani mwenye gari ndiye fundi. Kwa kijana wa VETA au wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) anayetaka kujifunza, na gari si la kazi, sioni njia bora. Kwa gari linalopeleka watoto shule kila asubuhi, hapana.

Hesabu mbili kando kwa kando

Haya ni makisio yangu kwa dola, yakilinganisha Forester ya turbo inayoflashiwa kwa mbali na Chaser ya 1JZ-GTE ya manyuo iliyoko Mbeya inayowekewa boksi la nyaya. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za 0, 10, 25 na 35 kwa mia, kulingana na mzigo ulivyoainishwa. Nimetumia 10. VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla ya bidhaa, usafiri na ushuru wenyewe.

| | Kuflashi Forester | Standaloni ya nyaya, 1JZ |
|---|---|---|
| Kebo au boksi | 190 | 1,100 |
| Nyaya na soketi | – | 300 |
| Waidibendi (kipima uwiano wa hewa na mafuta) na sensa yake | 200 | 200 |
| Sensa za presha na joto la hewa | – | 100 |
| Kusafirisha | 60 | 150 |
| Ushuru na VAT | 134 | 551 |
| Laptop ya mtumba | 200 | 200 |
| Fundi wa umeme na eksozi | 40 | 300 |
| Kupanga ramani | 350 | 500 |
| Safari ya Dar es Salaam | – | 350 |
| Jumla | 1,174 | 3,751 |

Kwa shilingi 2,500 kwa dola, upande wa kushoto ni milioni 2.9 na wa kulia ni karibu milioni 9.4. Upande wa kulia hauna bado nozeli kubwa wala pampu ya mafuta, ambavyo kwa silinda sita vinaweza kuongeza dola 600, wala klachi, na nguvu zikiongezeka klachi ya zamani haitavumilia. Mzigo ukiangukia ngazi ya 25, ongeza dola 327 nyingine. Safari nayo nimeihesabu kwa ubana: Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita 830 hivi, kwenda na kurudi ni lita 200 za petroli kwa gari la aina hiyo, na kwa shilingi 3,000 kwa lita ni laki sita kabla hujala wala kulala.

Waidibendi nimeiweka pande zote mbili, na sitakubali iondolewe ili kupunguza bei. Sensa ya kawaida ya oksijeni inasema tu mafuta yamezidi au yamepungua. Waidibendi inasema kwa kiasi gani, na bila hiyo namba anayepanga ramani ya turbo anabahatisha na injini yako.

Ramani iliyopangwa wapi?

Ramani ya mafuta ni jedwali. Upande mmoja ni mizunguko ya injini, upande mwingine ni presha ya manifoldi, na kila chumba kina namba yake. Fundi anapanga vyumba ambavyo injini inafika. Injini isiyo na turbo ikipangwa Mbeya haiwezi kuvuka kilopaskali 83, kwa hiyo vyumba vya 85 hadi 100 vinabaki na namba za kukisia. Siku ukishuka kupitia Tukuyu hadi Kyela, karibu mita 500 tu juu ya bahari, injini inaingia vyumba ambavyo hakuna aliyevipima, tena kwa mzigo kamili. Namba za kukisia zikiwa na mafuta machache, injini inagonga.

Ukipangiwa Dar es Salaam, tatizo linageuka. Vyumba vyote vya presha vinafikiwa, lakini uwashaji wa baridi haupimiki. Asubuhi ya Dar es Salaam haina nyuzi 5, ya Makete inazo. Jedwali la kuongeza mafuta wakati injini ni baridi linapimwa mara moja tu kwa asubuhi, kwa kuwa injini ikishapata joto unasubiri usiku mwingine upite. Fundi wa siku moja hawezi kulimaliza, hata awe hodari kiasi gani. Kubaliana naye mapema kwamba utamtumia rekodi za asubuhi kadhaa ukiwa nyumbani, naye atakurudishia faili lililorekebishwa. Hapo laptop na intaneti vinalipa gharama zao.

Uliza pia juu ya sensa ya presha ya nje. Maboksi mengi ya bei kubwa yanayo ndani na yanaipima muda wote. Speeduino na MegaSquirt zinaweza kuwekwa zitumie presha iliyosomwa swichi ilipofunguliwa tu. Ukiwasha gari Kyela na kupanda moja kwa moja hadi Isyonje bila kuzima, boksi linaendelea kuamini uko Kyela. Kama ramani inategemea uwazi wa throto peke yake, mafuta yatazidi kwa asilimia 20 hivi, gari litatoa moshi mweusi na kusuasua kwenye kilima. Sensa ya ziada ya presha ni dola chache, na kwa barabara zetu ninaihesabu kama kifaa cha lazima.

Gari lako liko wapi hapa?

IST, Vitz, Rav4 au Noah isiyo na turbo: njia ya kwanza, na usisogee zaidi. Standaloni kwenye gari hilo itakuchukulia imobilaiza, dashibodi na gia, ikurudishie kidogo sana.

Forester au Impreza ya turbo ikiwa haijabadilishwa sana: itengeneze, halafu uflashi. Tofauti ya dola 2,500 na zaidi kati ya safu mbili za jedwali inatosha kubadilisha turbo iliyochoka, na bado utabaki na fedha ya breki.

Chaser, Mark II au gari lililobadilishiwa injini, lenye turbo kubwa na nozeli kubwa: hapo standaloni ina kazi ya kweli, na wanaojiandaa kwa rali za Iringa wana sababu nzuri ya kuilipia. Panga bajeti ya jedwali lote kabla ya kuagiza boksi. Mwenye dola 1,500 tu mkononi asubiri, kwa sababu gari lililofunguliwa nyaya na kuishiwa fedha katikati linakaa gerejini muda mrefu, na vipande vyake vinaanza kupotea kimoja kimoja.

Ukipata standaloni ya mtumba kwa bei nzuri, iunganishe na laptop kabla hujatoa fedha. Fundi aliyetangulia anaweza kuwa ameifunga kwa nywila, na boksi lililofungwa halikufai hadi lifutwe au lirudi kwa aliyelifunga. Usiogope kuomba kuona programu ikifunguka na namba za sensa zikicheza.

Kwa boksi jipya pia, malipo ya mwisho yafanyike ukishakabidhiwa vitu vitatu: faili la ramani, nywila yake kama ipo, na mchoro wa nyaya unaoonyesha rangi ya kila waya na pini inakoingia. Piga picha ya mchoro huo uihifadhi kwenye simu, na nakala yake uiweke ndani ya gari.